Kilo Mbili za Umande

Mwezi uliopita mwanamume mmoja kutoka upande wa Mulot alisimama langoni petu na mtoto aliyefunikwa uso kwa leso. Alikuwa ameambiwa sokoni kwamba huku Sosiot kuna mtu mwenye mtoto kama wake. Sikumuuliza kitu. Nilimwita Cherono, naye akaja akivuta mguu wa kulia kama kawaida yake, akasimama mbele ya mgeni akamkazia macho. Yule mwanamume alimtazama kwa muda, kisha akafunua leso. Mtoto wake alikuwa na miezi minne. Shavu moja lilikuwa limeanza kushuka.

"Unakaa naye namna gani?" akaniuliza.

Hakuuliza ugonjwa unaitwaje wala kama unapona. Tulikunywa chai, nikamweleza hili na lile, lakini nilipomsindikiza mpaka barabarani nilijua kwamba sijamjibu. Ndiyo maana nimeketi na daftari. Niliacha shule darasa la sita, kwa hiyo msomaji anivumilie. Ninachojua nimekipata kwenye magazeti yaliyofungiwa nyama na sukari, na kwa kuuliza watu maswali mpaka wanichoke.

Kabla ya Cherono sikuwa mtu wa kukaa. Nilivuna ngano Mulot, nikaswaga ng'ombe wa wafanyabiashara mpaka mnada wa Ndanai, nikachuma majani kwenye mashamba makubwa ya Kericho, nikawa utingo wa lori la mbao, nikajifunza kutengeneza redio kwa kuharibu redio za watu. Popote nilipofika nilitaka kujua kitu kinavyofanya kazi, na nikishajua tu, miguu inaanza kuniwasha. Hata Rael, mke wangu, nilimpata Ndanai nikiwa njiani kwenda kwingine. Nilimleta hapa, kwenye kipande cha chai nilichoachiwa na baba, nikamwambia tutakaa msimu mmoja.

Cherono alizaliwa jioni, mwanzoni mwa mvua ndefu. Akina mama walimwitia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, wakingoja apige chafya aonyeshe ni nani amerudi kwake. Alipiga chafya kwa jina la nyanya yangu, wakashangilia. Baadaye kidogo mmoja wao akauliza kwa sauti ya chini, "Hili shavu la kushoto, alikuwa amelilalia?"

Hakuwa amelilalia. Miezi mitatu baadaye lilikuwa laini na zito kama unga uliokandwa ukaachwa kwenye sinia, na lilikuwa likivuta mdomo upande. Ulimi nao ulinenepa upande uleule. Alipofika miezi minne yakatokea meno mawili kushoto, makubwa kama ya mtoto anayeanza shule, na Rael akawa ananyonyesha huku machozi yakimtoka. Upande wa kulia alikuwa mtoto mzuri tu kama wa mtu yeyote. Nilizoea kukaa kulia kwake nikimtazama. Ninaona haya kuandika hivyo, lakini yule wa Mulot atajua ninasema nini.

Mwezi wa tano wa maisha yake mkono wake wa kulia ulianza kurukaruka. Nilifikiri anacheza, nikacheka. Kisha nikaona macho yamekwenda upande na hayarudi. Kufikia mwisho wa msimu wa baridi alikuwa anashikwa na degedege hivyo mara nane au kumi kwa siku, na baada ya kila mara ule mkono ulibaki umelala kama si wake.

Tuligawana kazi bila kuzungumza. Rael alikuwa na mikono ya chai; mimi nilikuwa na miguu. Kwa hiyo yeye akabaki shambani, mimi nikawa mtu wa hospitali.

Hospitali ya misheni ina mabenchi marefu chini ya paa la mabati, na kila Alhamisi yalijaa akina mama. Mwanamume mwenye mtoto mgongoni nilikuwa peke yangu. Nikiketi, benchi lilijivuta. Si kwa ubaya. Mmoja anahamisha kikapu, mwingine anakumbuka ana jamaa upande ule, na baada ya dakika tano kuna nafasi ya watu wanne kati yangu na mtu wa karibu. Wale waliokuwa na mimba hawakusubiri hata dakika tano. Walijifunika macho kwa kiganja, wakahama, ili waliyembeba tumboni asije akafanana na wangu.

Alhamisi moja mama mnene, mchuma majani wa kambi moja ya Kericho ambaye kwao ni kando ya ziwa, alikuja akaketi kwenye ile nafasi yote. Alikuwa na kijana wake mwenye kifafa. Alimtazama Cherono, kushoto, kulia, bila kuficha.

"Yawa!" akasema. "Huyu mtoto upande huu ni mrembo kuliko wewe baba yake."

"Hiyo si kazi ngumu," nikamwambia.

"Na mama yake ako wapi? Ama wewe ndio unanyonyesha?"

Benchi lote likacheka. Nilicheka pia, na nikatambua nilikuwa sijacheka mbele ya watu tangu mvua. Mama Atieno, hilo ndilo jina lake, akasimama akanifungua leso bila ruhusa, akiniita Arap kama watu wa ziwani wanavyotuita wanaume wa huku. "Arap, umefunga huyu mtoto kama mzigo wa kuni. Kichwa cha huyu ni kizito, kinataka kushikwa hapa. Hapa! Umeona?" Tangu siku hiyo nilifunga leso kama alivyonifundisha, na Cherono akaacha kulia njiani. Kama una mtoto wa namna hii, mfungie juu zaidi kuliko watoto wengine, shavu zito lilalie bega lako.

Walitutuma Nairobi mara moja kupigwa picha ya kichwa. Daktari wetu, mama mwembamba wa maneno machache, aliishika ile picha dirishani. Hata mimi niliona: nusu ya ubongo ilikuwa kubwa kuliko nusu nyingine, upande uleule wa shavu. Nilimuuliza maswali mpaka akaangalia saa, kisha akaiweka picha chini akasema, "Baba Cherono, kwa nini, sijui. Alianza hivi akiwa bado tumboni. Hakuna mtu alifanya kitu. Si mama yake, si wewe, si jirani."

Nilirudi na maneno hayo nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Ndanai. Yeye alitaka majina yaitwe upya. Alisema tulichukua chafya ya bure na kumbe aliyerudi ni mwingine, amekasirika kuitwa jina lisilo lake. Nilipomweleza ya daktari alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na huyo daktari anajua nyanya yako?" Rael alikuwa akipepeta mahindi. Hakuinua macho.

Jambo lililokuwa mbele yetu lilikuwa hili. Shavu na ulimi vilikuwa vinakua haraka kuliko mtoto. Uji ulimwagika, maziwa yalipita njia mbaya, mara mbili alilazwa kwa kifua. Daktari alisema mdomo ukiendelea hivyo, itafika siku hatameza. Kulikuwa na wapasuaji waliokuja pale hospitalini mara moja kwa mwaka, baada ya Krismasi, wakakaa wiki mbili. Wao wangeweza kupunguza shavu na ulimi. Lakini mtoto anayeshikwa kila siku hawezi kulazwa usingizi wa dawa, huenda asiamke. Sharti lilikuwa miezi mitatu kamili bila kushikwa hata mara moja. Walipokuja mara ya kwanza Cherono alikuwa mdogo mno na bado anashikwa. Wakasema arudi mwaka unaofuata.

Dawa ilikuwa vidonge vidogo vyeupe vya kusaga ndani ya maziwa. Daktari alinipa karatasi: akiwa chini ya kilo tisa, kidonge kimoja, kuanzia tisa, kimoja na nusu, na kuendelea. (Hiyo ni hesabu ya Cherono. Usiichukue, mtoto wako ana yake.) Apimwe kila mwezi kwenye dispensari ya karibu, nami niandike kwenye kitabu chake. Nilipenda ile karatasi. Ilikuwa kitu ninachokielewa: weka hiki, pata kile. Na ilifanya kazi. Mwezi hadi mwezi, mwaka mzima wa tisini na saba, alishikwa mara chache zaidi. Septemba alifika kilo tisa, nikaongeza nusu kidonge. Oktoba ikapita yote bila kushikwa. Rael alichora mstari mmoja mrefu wa makaa kwenye ukuta wa jikoni. Ilibaki miwili.

Kisha ikaja ile mvua kubwa ambayo kila mtu wa huku anaikumbuka. Daraja la mto ulio kati yetu na dispensari likachukuliwa. Cherono akaharisha wiki nzima. Vidonge nilikuwa navyo vya miezi mitatu. Kilichokosekana ni mizani.

Lakini mizani ilikuwepo, umbali wa mashamba mawili. Kwenye kituo cha kununua majani kuna mizani ya kuning'inia yenye uso mweupe kama saa. Karani wa pale, Joel, nilikuwa nimesoma naye mpaka siku nilipotoroka shule. Nilisubiri wakulima wapungue, nikamweka Cherono ndani ya gunia safi la majani, kichwa nje, nikamning'iniza. Wakulima wakacheka, naye akacheka kwao kwa upande wake mmoja.

"Korir, hili jani ni la daraja la kwanza," mzee mmoja akasema.

"Limechumwa na bua, litakataliwa," akasema mwingine.

Joel alitazama sindano ya mizani, akaandika kwenye kipande cha karatasi, akanipa. Saba na nane. Kilo saba na gramu mia nane.

"Amepungua," nikasema.

"Si alikuwa anaharisha? Lazima apungue, bwana."

Nilikwenda nyumbani na kile kipande nimekikunja mkononi. Karatasi ya daktari ilikuwa wazi: chini ya tisa, kidonge kimoja. Nikarudisha dawa nyuma.

Rael alikuwa amerudi kutoka kuchuma, matone bado kwenye aproni yake ya plastiki. Nilimwonyesha namba. Alimchukua mtoto, akamtupa mgongoni, akamrekebisha kidogo, akasimama kimya kama anayesikiliza.

"Hajapungua," akasema.

"Mizani imesema."

"Baba Cherono, mimi nimembeba huyu tangu azaliwe. Mgongo unasema ameongezeka."

"Mgongo si mizani," nikamwambia. "Nimefanya kazi na mizani maisha yangu yote. Za ngano, za ng'ombe, za majani. Mgongo uliochoka huona kila kitu ni kizito."

Akaingia jikoni, mtoto bado mgongoni. Ninayaweka maneno hayo hapa kama nilivyoyasema, kwa sababu ndiyo kosa langu. Mizani haikuwa kosa langu.

Desemba alipima nane na mbili. Nikaona anapanda polepole, nikampa maziwa zaidi na kidonge kilekile kimoja. Kabla ya Krismasi mkono wa kulia uliruka. Mara moja tu. Rael alikuwa jikoni nami nilikuwa uani naye, na sikumwambia. Siku mbili baadaye aliona mwenyewe. Hakuchora mstari tena, na ule wa kwanza aliufuta kwa kitambaa chenye maji, ukuta ukabaki na doa. Januari alipima nane na nusu, na alikuwa anashikwa kila siku. Mama mkwe alituma watu waseme kwamba mtoto anaaga, tumwache aende kwa heshima.

Wapasuaji walipokuja tulikwenda wote watatu, tukizunguka kwa njia ndefu. Sista alimvua Cherono nguo, akamweka kwenye mizani ya watoto, akaangalia, akafungua kitabu chetu.

"Hapa umeandika nane na nusu. Ni ya lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Leo ni kumi na nusu. Mtoto haongezi kilo mbili kwa wiki mbili, baba. Umekuwa ukimpa dawa gani?"

Nikamwambia. Akaita daktari. Daktari alihesabu kwa kalamu, akarudia hesabu, akasema. "Amekuwa akipata dawa ya mtoto mwingine, mdogo zaidi. Ndiyo maana." Hakufoka. Aliandika kidonge kimoja na nusu, akapiga mstari chini yake mara mbili, akasema upasuaji mwaka huu hauwezekani.

Mwaka mzima. Ulimi tayari ulikuwa haurudi ndani.

Kule nje, kwenye mabenchi, Rael alimfunga Cherono mgongoni polepole. Nilingoja apige kelele. Hata mbele ya watu wengi vile, ningeelewa.

"Ulisema mgongo wangu si mizani," akasema.

"Rael."

"Miezi mitatu umeniambia mtoto anakonda. Nikiamka asubuhi nilikuwa namshika kwanza mguu, nione kama bado ana joto. Nilikuwa namzika kila siku, Baba Cherono. Na alikuwa anaongezeka."

Nilichukua mfuko wa vidonge nikamfuata. Alikuja nyumbani, akamaliza kuchuma wiki ile, akafua nguo zote za mtoto. Jumamosi alimweka Cherono mikononi mwangu, akachukua mfuko mmoja. "Wewe ulizoea kwenda," akasema. "Safari hii ni mimi." Alikwenda kwao Ndanai. Nilisimama langoni nikijua kabisa jinsi alivyojisikia kwenye kona ile ya kwanza, mahali mtu anapoacha kugeuka nyuma. Nilikuwa nimeipita mara nyingi.

Jumatatu nilijaza maji debe la lita ishirini nikalibeba mpaka kituo cha majani. Maji nilijua, lita ni kilo. Nikalining'iniza mbele ya Joel na wakulima wote.

"Pima."

"Korir, maji hatununui."

"Pima, Joel."

Alitazama, akaandika. Kumi na tisa.

"Debe lenyewe lina kilo moja," nikasema. "Ilipaswa kuwa ishirini na moja. Sindano inasema ngapi?"

Sote tulitazama. Sindano ilikuwa imesimama kwenye ishirini na moja.

"Sasa mbona umeandika kumi na tisa?"

"Hizo mbili ni za gunia na umande," Joel akasema, kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua. "Si lazima nitoe? Nimetoa kilo mbili kwa kila kitu miaka tisa."

"Hata kwa Cherono?"

Aliitazama kalamu yake. Niliona jambo linavyomfikia, kutoka mkono wenye kalamu mpaka usoni. Mkono wake uliandika bila kumuuliza. Ungekuwa mkono wangu ungefanya vilevile. Nami, mwenye kujua mizani zote, mkulima wa chai, niliyekatwa kilo mbili kila siku ya kuuza majani, nilimning'iniza mtoto pale na sikukumbuka. Nilikuwa nikiitazama karatasi. Sindano sikuitazama hata mara moja.

"Mtoto hana umande, Joel," nikasema. Nikabeba debe nikaondoka.

Nilimwandikia Rael barua, nikaituma na mfanyabiashara wa ng'ombe. Nilieleza gunia, umande, sindano. Mwishoni niliandika kwamba mgongo wake ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa mjinga. Haikujibiwa. Nikatuma nyingine, kisha nikaacha.

Mwaka ule ndio uliokuwa mrefu. Kuna upweke wa barabarani ambao niliuzoea, wa kufika mahali hakuna anayekujua. Huo una mlango. Huu haukuwa na mlango. Kila mtu alinijua. Walinisalimu kutoka ng'ambo ya ua. Kanisani niliketi nyuma kabisa. Nilichuma majani kwa vidole vya mwanamume, taratibu, Cherono akiwa kwenye gunia kati ya mistari, nikimsimulia Mulot, jinsi ngano inavyolala upepo ukipita, na mvua ya mawe inavyosikika kwenye paa la lori. Hakuwa na maneno. Alijibu kwa kuvuta suruali yangu kwa mkono wa kushoto, ulio mzima, na asipojibiwa alivuta tena. Miguu yangu ilikuwa inawaka. Lori lolote likipunguza mwendo pale kwenye mlima, nilijua bila kuinua kichwa linakwenda wapi. Nilijifunza kusubiri lipite, kama yeye alivyosubiri mkono wake utulie.

Nitasema na mema yaliyokuwepo, kwa sababu yalikuwepo. Mama Atieno alinipa kikombe cha plastiki chenye mdomo, alichokuwa amemnunulia kijana wake. "Huyu wangu sasa anakunywa kama farasi," alisema, "chukua." Maziwa yakaacha kumpalia. Na Joel. Mwezi uliofuata alinikuta njiani akasema, bila kunitazama, "Mlete." Alipima gunia tupu kwanza, akaweka kando. Akamning'iniza Cherono, akaniambia, "Soma wewe." Nikasoma. Akasoma yeye. Akaniomba nisome tena. Wakulima kumi na watano walisimama na majani yao mabegani, wakingoja. Alifanya hivyo kila mwezi bila kukosa. Wakati fulani mzee mmoja akalalamika, "Kama mtoto wa Korir hatolewi umande, na mimi leo majani yangu ni makavu." Zogo lake lilichukua asubuhi nzima, na Joel akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Januari, tukacheka.

Daraja lilipojengwa nilipima mahali pawili. Namba zilikuwa sawa. Dawa ilipanda na mtoto. Mara ya mwisho kushikwa mwaka ule ilikuwa wakati wa mavuno ya mahindi. Sikuchora mistari ukutani. Niliogopa.

Wapasuaji waliporudi, Cherono alikuwa na siku mia moja na kumi bila kushikwa. Walimchukua asubuhi. Sitasimulia kungoja kule. Aliyewahi kungoja anajua, na asiyewahi asijaribu kufikiri. Nilihesabu mabati ya paa nikasahau, nikahesabu tena. Alitoka mchana, kichwa kimefungwa bendeji kubwa kuliko yeye. Daktari wetu alisema, "Ameamka. Amekasirika sana," na hiyo ndiyo habari njema kuliko zote nilizowahi kupewa.

Walimpasua mara ya pili siku tisa baadaye, kwa ajili ya ulimi. Tulikaa wadini wiki sita.

Yule wa Mulot anataka kujua ukweli, kwa hiyo huu hapa. Hakupona. Daktari alisema nyama hii hurudi, na kweli shavu limeanza kurudi, polepole. Atapasuliwa tena akikua. Mkono wa kulia ni wa kusaidia tu. Ana maneno matatu. Mwaka huu ameshikwa mara mbili, zote akiwa na homa. Lakini anafunga mdomo. Anakula ugali. Anakunywa kwa kikombe cha kawaida na chai haimwagiki, na nimekaa nikitazama jambo hilo muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote, na bado sijachoka. Ukiambiwa namba, uliza imetoka wapi. Tazama sindano mwenyewe. Na mama wa mtoto akikuambia anachosikia mgongoni, nyamaza usikilize.

Lipo jambo moja la wiki ya tano.

Nilikuwa nimekwenda bombani kufua. Niliporudi na beseni, mwanamke alikuwa anatembea polepole kati ya vitanda vya watoto, mfuko begani, akitazama kila uso. Nilimjua kwa mgongo. Sijui ni nani aliyemfikishia habari Ndanai. Alikuwa akitafuta lile shavu. Alifika kwenye kitanda cha Cherono, akamtazama mtoto aliyekaa pale ananyonya kidole, mshono mwekundu kando ya taya, uso unaokaribia kulingana. Akampita.

Nilitaka kuita na sikuita. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kuona.

Cherono alinyoosha mkono wa kushoto, akamshika sketi, kama alivyomshika kila aliyepita, sista, mfagiaji, yeyote. Rael akageuka kuitoa ile sketi taratibu, kwa adabu, kama aliyevutwa na mtoto wa watu. Kisha akauona ule mkono. Akatazama mkono wa pili, uliolala. Akaketi chini palepale, sakafuni kati ya vitanda.

"Ndiye?" akaniuliza aliponiona.

"Ndiye."

Alinyoosha mikono amchukue. Cherono akapiga ukelele, akanigeukia mimi. Hakumjua. Rael alirudisha mikono mapajani. Hakulia, hakuondoka. Alikaa siku hiyo na ya pili na ya tatu kwenye kiti kando ya kitanda, akiwa amefunga leso tayari mabegani, haina mtu. Aliniuliza kilo ngapi. Nikamwambia kumi na tatu. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayengoja kujipimia mwenyewe.

Siku ya nne, mchana, Cherono alisinzia akiwa ameketi, akaanza kuinama upande. Rael alikuwa karibu zaidi. Akamshika, akasubiri, akamsogeza mgongoni taratibu, akafunga leso juu kidogo, palepale panapotakiwa, na hakuna aliyemfundisha. Mtoto hakuamka. Rael akafumba macho.

Nilitoka nje nikawaachia nafasi. Jua lilikuwa kali kwenye mabenchi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu mikono yangu haikuwa na kitu, na nilisimama pale nisijue niiweke wapi.